Hela ya Korosho Inapita Wapi? Mwongozo wa kuwasaidia vijana wa Mtwara na Lindi kuongoza utafiti rika kuhusu pengo la kipato

Mwezi wa kumi na moja, minada ya korosho ikiwa imechanganya, barabara ya Newala kwenda Tandahimba hujaa pikipiki mpya ambazo viti vyake bado vina nailoni. Njoo mwezi wa pili. Baadhi ya pikipiki zile zinauzwa kwa nusu ya bei, na ukiuliza anayenunua ni nani, utatajiwa jina lile lile ulilotajiwa mwaka uliopita.

Kijana wa miaka 20 wa hapo kijijini anaijua hadithi hii kuliko mimi na wewe. Anajua pikipiki ipi iliuzwa kwa sababu ya msiba, ipi kwa mahitaji ya shule, ipi kwa deni la kausha damu, ile mikopo ya riba kali. Anajua pia nani hakununua hata baiskeli, kwa kuwa hela ya korosho zake ililiwa zikiwa bado mtini.

Nayaandika haya kwa mtu mzima anayekaa karibu na vijana: mwalimu, afisa maendeleo ya jamii, kiongozi wa asasi, katekista, ustadhi. Lengo ni kumsaidia kijana huyo na wenzake wachunguze wenyewe kwa nini wengine wanapanda na wengine wanabaki pale pale. Naiita kazi hii utafiti rika, kama tunavyosema waelimishaji rika. Huku kwetu neno rika lina uzito wake, maana kuna watu walioitwa rika moja tangu siku walipotoka jandoni pamoja. Nimeifanya kazi hii na makundi manne, na karibu kila kosa ninalokukanya hapa nimelifanya mimi.

Jambo moja tulimalize kabla ya hatua zenyewe. Pengo la kipato si jina lingine la umaskini. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wakiishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Namba hiyo inakwambia ni wangapi wamepungukiwa. Haikwambii kwa nini kilo ile ile ya korosho, ya kijiji kile kile, inamwachia mmoja bati na mwingine deni. Vijana wakiulizwa watafute maskini, watakuletea orodha ya vibibi na walemavu. Wakiulizwa hela inapita wapi, watakuletea utafiti.

Hatua ya 1: Amua utakachoachia

Chukua karatasi, uandike vitu ambavyo vijana wataviamua na wewe hutavipindua. Kwangu ni vitatu: swali la utafiti, watu wa kuulizwa, na kitakachosemwa mbele ya kijiji. Kazi zako ni vibali, hela, ulinzi na mazoezi. Uisome karatasi hiyo mbele yao siku ya kwanza, waibandike ukutani. Siku utakaposahau, na utasahau, watakuonyesha kwa kidole.

Mikoa hii si migeni kwa mambo haya. Miaka ya 1990 mradi wa RIPS uliofadhiliwa na Finland ulizunguka vijiji vya Lindi na Mtwara ukitumia mbinu shirikishi, na kabla yake, miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz na wenzake walikuwa wamefanya utafiti shirikishi wa Jipemoyo kule Bagamoyo. Kwa hiyo ukikutana na mzee anayecheka na kusema, "Mmekuja tena kutuchoresha ramani?", usimkatize. Mwulize ramani ile ya zamani iliishia wapi. Jibu lake litakufundisha hatua ya mwisho kabla hujaanza ya kwanza.

Hatua ya 2: Fungua milango mapema

Andika barua ya utambulisho kwa Mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Ikishagongwa muhuri, peleka kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Kitongojini usimruke mwenyekiti wa kitongoji, maana yeye ndiye atakayeulizwa, "Wale watoto wanaoandika andika ni wa nani?" Kama kuna chuo au mtafiti kutoka nje ya nchi ndani yake, kuna kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pia, na hicho kinahitaji muda.

Usione huu ni urasimu tu. Januari 2013, na tena Mei mwaka huo huo, Mtwara iliwaka kwa ajili ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam. Watu walipoteza maisha, jeshi likaletwa. Swali lililokuwa barabarani siku zile lilikuwa hili hili letu: mali inatoka hapa, nani ananufaika? Vijana unaowakusanya leo walikuwa watoto wadogo, lakini watendaji na wazazi wao hawajasahau. Kundi la vijana wenye madaftari wanaouliza habari za hela linaweza kusomwa vibaya. Barua yenye muhuri mfukoni mwa kila kijana, pamoja na namba yako ya simu, hupunguza nusu ya wasiwasi. Nusu iliyobaki inaondolewa na wewe kwenda mwenyewe kwa mtendaji, kukaa kwenye benchi lake, na kumweleza bila haraka.

Kuhusu takwimu: marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Takwimu ya 2015 yalipunguza ukali kwa wanaotangaza takwimu zao, ulioletwa na marekebisho ya 2018. Hata hivyo, kundi la vijana kumi halihitaji kutangaza asilimia za wilaya nzima. Nitalirudia hili kwenye uchambuzi.

Hatua ya 3: Tafuta vijana, wala usiletewe

Ukimwachia ofisa akuteulie, utaletewa watoto wa wajumbe na wale wanaojua kusimama mbele ya mgeni. Mara yangu ya kwanza niliketi na vijana kumi, saba wamemaliza kidato cha nne, wawili wana undugu na kiongozi. Walikuwa wazuri sana. Ila hawakumjua hata mtu mmoja anayebangua korosho kwa kibarua.

Zunguka wewe. Nenda kijiwe cha bodaboda, kwa wanaobangua korosho, mnada wa samaki, saluni, kibanda cha kuchaji simu, timu ya mpira, madrasa. Tafuta watu 8 mpaka 12, wenye miaka 18 na kuendelea kama ndiyo mara yako ya kwanza. Hakikisha yumo binti aliyeacha shule kwa ujauzito, kijana mwenye ulemavu, kijana asiye na shamba, na mmoja aliyewahi kwenda Dar es Salaam akarudi. Inasimuliwa kwamba hata neno machinga limetokana na Wamachinga wa Lindi. Habari ya kuondoka ni sehemu ya habari ya kipato hapa, na anayeijua ni aliyelala Kariakoo kwenye baraza la duka.

Kutojua kusoma na kuandika si kizuizi. Wapange wawili wawili: mmoja anauliza, mwingine anaandika. Binti mmoja ambaye hakuandika hata mstari ndiye aliyekuwa mwulizaji bora niliyewahi kumwona. Alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kusubiri maji kisimani, maana juu kule uwandani kwa Wamakonde maji ni shughuli.

Na mtoto wa mwenyekiti? Asifukuzwe. Awe mmoja, wasiwe watano.

Hatua ya 4: Walipe

Kufanya utafiti wa pengo la kipato huku ukiwafanyisha vijana kazi bure ni kichekesho. Siku ya kijana wa bodaboda ina thamani yake. Uliza kibarua cha siku kinalipa kiasi gani hapo kijijini msimu huo, posho isipungue hapo. Wote wapate sawa, awe kamaliza chuo au la saba. Nauli ni kando, chakula ni kando, bando ni kando, na mama mwenye mtoto mchanga apewe ya kumlipa anayembebea mtoto.

Ukituma kwa simu, tuma na ya kutolea. Lipa siku ile ile. Na karatasi ya saini iandikwe kiasi kile kile alichopokea mtu, maana vijana hawa wamekwenda kuchunguza makato. Watayaona na ya kwako.

Hatua ya 5: Swali litoke kwao

Hapa usiharakishe. Tenga siku mbili nzima, chini ya mwembe au darasani siku ya Jumamosi, bila projekta.

Anza na mchezo wa korosho mia. Tandika mkeka, chora miduara mitano kwa chaki. Kila mduara ni sehemu ya tano ya kaya za kijiji, kuanzia wenye nacho mpaka wasiojiweza. Mwaga korosho ghafi 100 (msimu ukiwa mbali tumia mbaazi), uwaambie: "Hizi ndizo hela zote zilizoingia hapa msimu uliopita. Zigaweni zilivyogawanyika kweli." Kisha nyamaza.

Watabishana. Usiandike idadi ya korosho, andika ubishi. Katika kundi moja binti mmoja alizoa korosho zipatazo thelathini, akaziweka nje ya miduara yote. Wenzake wakamwambia amekosea mchezo. Akajibu, "Hizi hazikulala kijijini hata usiku mmoja." Siku iliyobaki yote tulilizungumzia fungu lile la nje: makato, riba, madalali, nauli ya kufuatilia malipo, simu za kina kaka walioko mjini wakiomba kutumiwa. Swali la utafiti wao lilizaliwa pale, wala mimi sikuwa nimelifikiria.

Mchezo wa pili ni kalenda ya msimu. Chora duara kubwa lenye miezi 12, waweke vijiwe mahali hela inapoingia na majani mahali inapotoka. Kwa wakulima wa korosho utaona palizi, kisha salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, kuanzia Mei au Juni. Hata pembejeo ikiwa ya ruzuku, mwenye mashine ya kupulizia analipwa, na petroli inanunuliwa. Septemba watu wanaanza kuokota, Oktoba minada inafunguliwa, Januari shule zinadai, Februari na Machi kuna njaa kabla mahindi hayajakomaa. Ruangwa na Nachingwea wataongeza ufuta, ambao minada yake iko katikati ya mwaka. Kilwa Masoko au Msimbati hawatafuata miezi hata kidogo. Wao ni wavuvi, wanahesabu bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi. Acha kila kundi lichore kalenda yake.

Duara hilo linaonyesha kitu ambacho takwimu za mwaka hukifunika: watu wawili wanaweza kuvuna kiasi kilekile kwa mwaka, lakini mmoja akauza Septemba kwa shida na mwingine akasubiri mnada wa Novemba. Pengo liko katika kuweza kusubiri.

Wachukue hapo waingie kwenye hesabu. Kila mtu huku anaijua kangomba, ununuzi wa chinichini nje ya chama cha msingi cha ushirika, mara nyingi kwa kibaba au kwa kulipia korosho ambazo bado ziko mtini. Mfumo wa stakabadhi ghalani (korosho zinawekwa ghalani kupitia chama, kisha zinauzwa mnadani) ulipoanza Mtwara msimu wa 2007/08 ulikusudiwa pamoja na mengine kuwaondoa wanunuzi wa aina hii, lakini shida ya mwezi wa nane haisubiri ghala. Tuseme mzee mmoja alichukua shilingi 1,000 kwa kilo mwezi Agosti, kwa kilo 200. Amepata laki mbili. Tuseme mnadani, baada ya makato, kilo ikalipa 2,400. Hiyo ni laki nne na themanini elfu. Laki mbili na themanini elfu zimehamia kwa mwingine ndani ya miezi mitatu. Vijana wafanye hesabu hii kwa bei halisi wanazozijua wao, wala usiwape hizi zangu.

Mwisho wa siku ya pili kila mmoja aandike au aseme swali analotaka kulijua. Yapigiwe kura kwa korosho: kila mtu ana tatu, anazigawa atakavyo. Libaki swali moja kubwa na mawili madogo. Kama swali lililoshinda linakuudhi, vumilia. Mimi nilitaka ardhi na urithi, wao wakachagua mikopo.

Hatua ya 6: Siri na usalama

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu hata watu wenye daftari la shilingi elfu moja. Kwa kazi yetu maana yake ni rahisi: msichukue msichokihitaji. Hamhitaji jina, namba ya simu wala namba ya kitambulisho. Kila mhojiwa apewe alama, kwa mfano M7, na karatasi inayoonyesha M7 ni nani isiwepo kabisa.

Kangomba ni kosa kisheria. Kwa hiyo vijana waulize jinsi inavyofanya kazi, bei, wakati na sababu, lakini wasiandike kamwe ananunua nani. Mhojiwa akianza kutaja, wamwambie kwa upole, "Ndugu, jina usitupe." Watu wana sababu ya kuogopa orodha. Msimu wa 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima walihakikiwa kwanza ili kuwabaini kangomba, na kumbukumbu ya uhakiki ule haijafutika. Ukitokea mlangoni na fomu yenye mistari ya jina na kilo, wewe ni mhakiki, hata ukijiitaje.

Idhini iombwe kwa maneno ya kawaida. Kitu kama hiki: "Tunauliza vijana wenzetu hela inavyoingia na kutoka. Hatuandiki jina. Hakuna malipo wala mkopo utakaokuja kwa sababu ya kujibu. Ukichoka tunaacha, swali usilolipenda ruka." Sentensi ya mkopo usiikate. Bila hiyo, nusu ya watu watapunguza kipato chao wakidhani ni uandikishaji wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini.

Mabinti wasiende peke yao, na magharibi iwakute nyumbani. Mwenye umri chini ya miaka 18 asihojiwe bila ridhaa ya mzazi au mlezi na yake mwenyewe. Na mjiandae kwa siku mtakayoambiwa jambo zito: binti anaeleza kwamba mwajiri anamlazimisha mambo, mtoto anapigwa. Kijana mtafiti asibebe hilo. Awe anajua tangu mazoezini kwamba analileta kwako siku hiyo hiyo, nawe unamjua afisa ustawi wa jamii wa kata, dawati la jinsia na watoto la polisi, na namba 116 ya simu kwa mtoto.

Hatua ya 7: Mazoezi ya kuuliza

Siku tatu zinatosha kama hakuna hotuba. Wahojiane wao kwa wao, kisha wakamhoji mtu wa nyumbani, warudi wakiwa na maswali yaliyovunjika.

Maneno kwanza. "Wewe ni maskini?" ni tusi, na "tajiri" naye atakataa. Wakusanye maneno yanayotumika mtaani: anajiweza, mambo yake safi, hohehahe, anaungaunga, anaishi kwa vibarua. Waulize na Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua wanasemaje, hasa kama watazungumza na bibi. Kwa wenzao waanze na "mambo" yao ya kawaida, lakini kwa mtu mzima shikamoo itangulie daftari.

Maswali yaliyofanya kazi kwetu ni kama haya:

- Msimu uliopita, hela ya mwisho ya korosho ilikuishia mwezi gani, na iliishia kwenye nini?
- Mara ya mwisho ulipokopa ulikopa kwa nani, na ulirudisha nini?
- Leo ukipata laki moja ya ghafla, ni nani atajua kabla jua halijazama?
- Mikorosho ya kwenu ni ya nani? Ikigawiwa, wewe utapata?
- Kuna kijana uliyesoma naye ambaye sasa anakuzidi mbali? Mliachana wapi?

Swali la mwisho ndilo linalofungua midomo. Watu wanaposimulia "tuliachana wapi" hutaja siku kabisa: siku baba alipofariki, siku mjomba aliponunua bati kwa hela iliyokuwa ya shule. Usishangae wajomba wakijitokeza sana, maana kusini ukoo wa mama una nguvu zake, na mali ya kaya haifuati njia ambayo fomu za ofisini zinaidhania.

Wafundishe kunyamaza. Baada ya jibu, wahesabu moyoni mpaka tano kabla ya swali lingine. Ni zoezi gumu kwa vijana, na kwa wewe uliyezoea semina ni gumu zaidi.

Hatua ya 8: Ingieni mtaani mara mbili

Kila jozi ya vijana ihoji watu wanane wa rika lao. Kundi la vijana 10 linapata mahojiano 40, na hayo yanatosha kabisa. Yapangwe kwa makundi waliyoyachagua wenyewe: waliosoma na wasiosoma, wenye mikorosho na wasio nayo, walioolewa, waendesha bodaboda, walioko Dar wanaopigiwa simu.

Mzunguko wa kwanza uwe Novemba, hela ikiwepo. Wa pili uwe mwishoni mwa Februari, kwa watu wale wale. Ukifanya mmoja tu, utaandika ripoti ya furaha au ripoti ya kilio kutegemea na mwezi. Kwa kuwa hamna majina yaliyoandikwa, kila jozi itawakumbuka watu wake, na hii ndiyo faida ya watafiti kuwa wakazi. Kati ya mizunguko hiyo, wahojiwa wachache walio tayari wanaweza kushika daftari la hela kwa wiki nne: iliyoingia, iliyotoka, iliyokopwa. Watano wakidumu mshukuru Mungu.

Epuka siku ya mnada wenyewe, siku za mazishi, na wiki za ngoma za jando na unyago, ambapo hakuna atakayekusikiliza na wala hapaswi. Jioni ya kila siku jozi ikae nusu saa kuandika yale ambayo daftari halikupata. Wewe piga simu mara moja tu kuuliza kama wamefika salama.

Hatua ya 9: Tandika mkeka, kisha rudisheni

Uchambuzi ufanyike chini, kwa kadi. Kila jambo lililosemwa na mhojiwa linaandikwa kwenye kadi moja yenye alama yake: "M7: aliuza mtini, mtoto kalazwa." Kadi zinamwagwa, vijana wanazikusanya kwa mafungu na kuyapa majina wao wenyewe. Mafungu yakikaa, waulize kadi zipi hazina mahali. Hizo ndizo za kuangaliwa mara mbili, mara nyingi ndimo mna jambo jipya.

Namba zisemwe kama zilivyo. "Kati ya vijana 40 tuliozungumza nao, 23 walikuwa na deni kabla ya mnada wa kwanza" ni sentensi inayosimama mbele ya yeyote. "Asilimia 57.5 ya vijana wa Tandahimba" ni uongo wenye desimali.

Kisha walinganishe na karatasi za wazi. Chama cha msingi hutoa bei ya mnada na makato. Vijana wayaombe, wayapange mstari kwa mstari. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Waulize kwa afisa maendeleo ya jamii vikundi vingapi vya kata yao vilipata. Ajibu au asijibu, andikeni mlichoambiwa.

Wa kwanza kusikia matokeo ni wahojiwa wenyewe, kwenye vijiwe vyao, wasahihishe. Baada ya hapo ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu, kisha mkutano wa chama cha msingi. Diwani apewe nakala. Vijana waanze na shikamooni, waonyeshe kalenda na mchezo wa korosho mia mbele ya watu, wawape wazee wenyewe wagawe. Igizo fupi linafaa kuliko ripoti ya kurasa ishirini, mradi lisimwige mtu anayejulikana.

Zoezeni majibu ya maswali mawili ambayo lazima yaje. "Nani kawatuma?" Jibu: hakuna, swali ni letu, barua hii hapa, na aliyetulipa posho ni fulani. "Sasa mtatusaidia nini?" Jibu lisiwe ahadi. Liwe ombi moja ambalo mtu mmoja aliyepo mkutanoni anaweza kulitekeleza kabla ya msimu ujao. Kundi letu lililochunguza mikopo liliomba makato yote yaandikwe kwenye ubao wa chama kwa kila mnada, kwa kalamu inayosomeka kutoka barabarani. Katibu alikubali mbele ya watu. Ubao uliandikwa minada mitatu, wa nne chaki ikaisha, na kijana mmoja akapeleka chaki.

Yanabaki madaftari. Ya mahojiano yachomwe baada ya mkutano, mbele ya vijana wote, na sauti, kama mlirekodi, zifutwe kwenye simu moja baada ya nyingine huku wote wakiona. Kalenda na kadi, alama za wahojiwa zikiwa zimekatwa, zibaki kijijini, kwa mtu ambaye vijana watamchagua. Kwetu walimchagua mama muuza chapati wa kituoni, kwa sababu ndiye pekee asiyefunga mapema.